Soya Iliyoushinda Ukame

Profesa hakuwa mtu wa kuingia kwenye kitalu nyumba. Joto la mle halikupatana na suti zake. Alikaa ofisini, upande wa pili wa ukuta, kiyoyozi kikinguruma tangu asubuhi hadi jioni, na kutoka huko huko akatangaza kwamba jeni yake imeushinda ukame. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilikuwa na shahada tatu.

Ushahidi wake ulikuwa safu ya vyungu vya soya iliyopangwa kando ya ukuta ule. Vyungu vya katikati ya kitalu, vyenye soya isiyo na jeni hiyo, vilinyimwa maji na mimea ikanyauka. Vya ukutani navyo vilinyimwa, lakini majani yakabaki mabichi, yanang'aa. Mtafiti wake, binti wa mkulima, alitakiwa kuyatazama majani kwa mbali na kuyapa alama. Kugusa vyungu ilikuwa mwiko. Eti mimea inasumbuka. Naye akatii miaka yote ya utafiti, maana shahada yake ya udaktari ilikuwa mikononi mwa bwana yule.

Siku ya kuwagawia wakulima mbegu za kwanza, akaagizwa avigeuze vyungu vipendeze kwenye picha. Akanyanyua cha kwanza: kizito. Akatia kidole: udongo umelowa. Akainua macho. Bomba la kiyoyozi lilipenya ukutani juu ya safu ile, likidondosha maji tone baada ya tone.

Alitaka kucheka, hasira zikamzuia. Akamwendea ofisini.

"Profesa, soya yako inanyweshwa na kiyoyozi chako."

Profesa hata kalamu hakuiweka chini. "Vitone tu hivyo. Wageni wameshafika ukumbini. Au shahada huitaki tena?"

Ukumbini, baba yake alikuwa amekaa mbele kabisa, ndani ya koti lake la harusi. Shamba lake lote lilikuwa limelimwa na kuachwa tupu, likingojea mbegu ya mwanawe. Profesa akahutubia weee kuhusu jasho la utafiti, yeye ambaye kwapa lake halijawahi kulowa, kisha akamwita mzee na kumnyooshea mfuko.

"Baba, usipokee," binti akasema.

"Kwa nini tena, mwanangu? Si ndiyo mbegu yako?"

"Ndiyo. Ila hatujui kama inastahimili ukame. Muda wote imekuwa ikipata maji ya kiyoyozi. Ukiipanda na jua likiwaka, unaweza ukakosa hata ya kula."

Profesa akaangua kicheko cha wakubwa, akasema binti huyu amechoka, akapumzike. Hakuna aliyecheka naye. Akatazama saa, akakumbuka kikao, akarudi kwenye ubaridi wake.

Mzee akauweka mfuko mezani polepole.

"Nimekusikia," akasema. "Lakini mvua za kwanza zimeshapita, na mbegu nyingine sikununua. Sasa msimu huu nipande nini, mwanangu?"