Pale Muthamia Alipoishia Kupanda

Igoki, mjukuu wangu, alifika Githongo Ijumaa mchana akanikuta kitaluni nikinyunyizia miche ya kahawa maji. Alikaa juu ya debe bila hata kusalimia.

"Shosho, kesho saa sita Abdirahim ananifukuza."

Abdirahim ndiye mwenye chuo cha kompyuta pale Makutano. Alimpa Igoki kazi ya majaribio: aunganishe kompyuta kumi na mbili za wanafunzi zizungumze, lakini zisichungulie za ofisi.

"Kwani zimekataa?"

"Afadhali zingekataa zote! Sita za kwanza zinachungulia ofisi. Mbili zimegoma. Nne za mwisho zinasemezana, lakini zile nyingine hazizijui."

Mimi nilifika darasa la tatu tu, lakini kuuliza hakuna karo. Nikamwambia anieleze polepole.

Akasema kila kompyuta ina anwani, na namba ya mwisho ya anwani ndiyo yake mwenyewe. Namba hizo ni mia mbili hamsini na sita, zinaanzia sufuri. Halafu kuna namba nyingine wanaiita maski. Hiyo ndiyo inasema namba zimekatwa vipande vikubwa kiasi gani. Maski yake iliishia mia mbili ishirini na nne.

"Toa hiyo kwa mia mbili hamsini na sita," akasema, "unabaki na thelathini na mbili. Kila kipande ni namba thelathini na mbili."

Nikachukua kamba ya katani ninayopimia kitalu. Nikaikunja mara moja, mara mbili, mara tatu. Vikawa vipande vinane.

"Hivi?"

"Hivyo hivyo! Kimoja kinaanza sufuri, kingine thelathini na mbili, kingine sitini na nne..."

"Na pale kwa mikunjo?"

"Hapo hapawekwi kompyuta. Namba ya kwanza ni jina la kipande chenyewe. Ya mwisho ni ya kuita wote mara moja."

"Basi ni mpaka. Kwa mpaka hatupandi kitu. Wewe ulianzia wapi?"

"Ofisi iliishia ishirini na nne. Nikaendelea, ishirini na tano hadi thelathini na sita."

Nilicheka mpaka maji yakanimwagikia miguuni. Mwaka nilioolewa, jirani yetu Muthamia alilima kidogo, kwingine akaacha nyasi. Nikadhani anapoishia yeye ndipo kwetu kunaanza, nikapanda maharagwe meusi ya njahi. Yalipokomaa alivuna yote, akaniletea sahani moja. "Asante, bibi arusi, umenilimia vizuri."

Nikamsimulia Igoki. "Sasa niambie. Ofisi imepanda hadi ishirini na nne, lakini shamba lake linaishia wapi?"

Akashika kamba, akahesabu. Ghafla akaruka, debe likaanguka.

"Thelathini na moja! Uuwi, sita zangu ziko kwa shamba la ofisi! Na hizo mbili, thelathini na moja na thelathini na mbili, zimekalia mpaka!"

"Na nne ndizo zimefika nyumbani."

"Naanza thelathini na tatu, Shosho! Hadi arobaini na nne!"

Jumamosi nilienda naye, na ndizi zangu kwa kiondo. Alibadilisha namba mashine moja moja. Kila moja ilizimwa, ikawashwa, nami nikatoa punje ya mahindi mfuko huu nikatia mfuko ule. Punje ya kumi na mbili ilikuwa bado mkononi Abdirahim alipoingia akiangalia saa.

"Haya, Igoki. Niite fundi wa Nairobi?"

"Jaribu mwenyewe, bosi."

Akaketi kwenye mashine moja, akaita zile zingine moja baada ya nyingine. Zote kumi na moja zikajibu. Akatafuta za ofisi, hakuona hata moja. Akageuka.

"Jana zilikuwa na nini?"

"Zilikuwa zimepanda kwa Muthamia," Igoki akasema.

"Muthamia gani? Ni mwanafunzi wangu?"

Tulicheka hadi Igoki akashika ukuta. Nikampa Abdirahim ndizi, akala amesimama.

"Sawa, Igoki, kazi ni yako. Jumatatu tunafungua chumba cha tatu, nacho kisichungulie hivi viwili. Namba zake zitaanzia wapi? Arobaini na tano?"

Igoki alifungua mdomo, lakini mimi nilikuwa nimeshakunja kamba.

"Sitini na tano," nikasema.