Mbegu Zisizotaka Jua

Karibu mwaka mzima mtaalamu wa mbegu aliyasubiri matunda ya mti mmoja wa msituni yakomae. Miti ya aina yake imebaki michache mno, na haizai kila mwaka. Yalipodondoka, maabara ilikuwa imefungwa kwa wikiendi, basi akazihifadhi mbegu nyumbani, ndani ya beseni la maranda yenye unyevu, akarudi msituni kutafuta nyingine.

Jumapili jioni alizikuta zimeanikwa juu ya bati, zimesinyaa.

"Mama, nani ameanika hizi?"

"Mimi, mwanangu," mama mkwe akajibu kwa fahari. "Zingeoza kwenye majimaji yale."

"Hizi zikikauka zinakufa!"

"Mbegu gani hiyo inayogombana na jua?"

Mtaalamu alikata moja kwa kisu. Kiini kilikuwa kimegeuka kahawia. Akakata nyingine, na nyingine, zote zimekufa. Alitamani kupiga kelele, lakini mkwe ni mkwe. Akauma meno.

"Usininunie," mama mkwe akaongeza. "Hata zilizoharibika nilizichambua. Zilikuwa zimeanza kutoa mikia, nikazitupa jalalani."

"Mikia? Mama, hiyo ni mizizi!"

Alitoka mbio, akapiga magoti, akafukua maganda ya viazi mpaka akapata nne zilizo hai. Akazifunga kwenye kitambaa kibichi, hajui acheke au alie.

Nyuma yake mama mkwe alikuwa akimwita mwanawe: "Njoo umwone mkeo! Nilizomsafishia kazikataa, anaokota taka."