Mshono Upande wa Nje

"Kofia umeivaa ndani nje, wifi," Fundi alisema, akitua kikapu chake sakafuni. Lifti ilikuwa mbovu tena, na ngazi zilikuwa zimemtoa jasho.

"Najua," wifi yake alijibu, bila kugeuka kutoka dirishani.

Fundi akaangaza macho wodini. Kila mwanamke aliyenyonyoka nywele kwa dawa za kansa alivaa kofia aliyoshona yeye, na zote zilikuwa zimegeuzwa: mishono nje, nyuzi zinaning'inia. Alihisi damu inamchemka. Alikuwa ameacha nguo za wateja zilale ili ashone kofia hizi, akaziombea moja moja pamoja na akina mama wenzake wa kanisani. Mtaani walimsifu kwamba mshono wake huuoni hata uutafute kwa tochi. Kumbe shukrani ya punda ni mateke.

Lakini hakuja kwa ajili ya kofia. Mumewe alimtuma kwa dada yake huyu kwa sababu dada huyo alikuwa amekataa kuwekewa dripu nyingine ya dawa, na leo ilikuwa siku ya dripu.

"Kaka yako halali," Fundi alisema. "Kanisa zima limefunga kwa ajili yako."

"Waambie wale. Mimi chakula hakinipiti, wao wanakiacha kwa hiari."

"Usinifanyie mzaha. Daktari amesema dawa inafanya kazi. Unataka kuachia njiani?"

"Nimechoka, wifi."

Fundi alitoka hadi koridoni, akasimama karibu na ndoo ya kupigia deki. "Bwana," alinong'ona, "mimi najua kushona tu, na hicho nimekupa. Mbona hunipi hata neno moja la kumwambia?" Alikasirika, akaona aibu kumkasirikia Mungu, kisha akakasirika tena.

Aliporudi, wifi yake alikuwa amevua kofia. Kwenye kichwa kile kitupu, kuanzia sikioni hadi utosini, palikuwa na mstari wa vidonda vidogo vilivyoanza kukauka. Fundi aliutambua mara moja. Ulikuwa mshono wake mwenyewe, ule wa ndani, alioujali sana kuuficha.

"Ni kofia hii?"

"Vinapona hivyo. Ngozi yetu siku hizi hata uzi inausikia. Tukigeuza, kuna nafuu."

"Na hamkuniambia?"

"Ulikuja unaimba. Mtu wa hivyo utamwambiaje kwamba maombi yake yanakwaruza?" Wifi yake alicheka kidogo, kisha akaacha. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Najua mnanipenda. Lakini kila mmoja ananiletea kinachompendeza yeye, na mimi nasema asante. Hata hiyo asante inachosha."

Fundi alifungua mdomo kuomba radhi, akaona hiyo nayo itadai jibu. Alitoa wembe na sindano kikapuni, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaanza kuufumua mshono. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa bega.

"Nikuwekee wapi mshono?"

Wifi yake alimtazama. Ilikuwa siku nyingi tangu mtu amuulize anachotaka. "Nje. Na hapa sikioni usikaze."

"Itakuwa mbaya."

"Kwani mimi nikoje?"

Fundi akacheka bila kutaka, huku kamasi zikimtoka. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, aliyekuwa amejifanya amelala, akavua kofia yake na kuitupa mapajani mwa Fundi. Kisha akajifunika tena.

Fundi alishona kwa mkono, polepole, mshono wote juu ya kitambaa ambapo kila mtu angeuona. Alikuwa amefika nusu ya kazi pale nesi alipoingia akisukuma kitoroli cha dripu. Asubuhi alikuwa ameambiwa hapana, kwa hiyo alisimama mbali kidogo.

"Mama, wewe nikupite?"

Sindano ilisimama. Fundi alikuwa na mahubiri mazima ulimini, akayameza, macho yake hapohapo kwenye kitambaa.

"Ngoja kwanza," wifi yake alisema. "Kofia yangu haijaisha."

Nesi akafunga breki ya kitoroli. Mshono ulipofika mwisho, wifi ya Fundi akasogea karibu, kichwa wazi, akaishika ncha ya uzi ili Fundi aukate.