Karatasi ya Jikoni kwa Verna

Miaka hamsini nimezunguka Amerika nikibandua mashairi ukutani. Sikuiba, niliomba. Nasema yale yanayochapwa kwenye karatasi moja, upande mmoja, na mtu mwenye mtambo wa mkono gerejini kwake, kisha yanagawiwa mgomoni, msibani au kwenye baa. Watu huyabandika kwa kinyozi au juu ya friji, na mwenye nyumba akifa yanatupwa pamoja na kalenda. Mimi niliyalaza bapa chini ya godoro la gari langu, kadibodi juu na kadibodi chini, nikalala juu yake kutoka Maine hadi Oregon.

Mwaka juzi paa la gari likaanza kuvuja. Nikayapeleka yote, mia sita na kitu, kwenye maktaba ya chuo kimoja kidogo cha Iowa, kando ya mto. Nikatia saini kwamba si yangu tena. Ule ndio ujinga wangu wa kwanza katika habari hii. Wa pili nitausema.

Karatasi niliyoijali kuliko zote ilikuwa mbaya kuliko zote. Ilikaa miaka arobaini jikoni kwa Verna Stuhr, juu ya jiko, ikaingia mafuta ya bekoni, pini zikaitoboa pembe zote nne. Shairi lilihusu ghala la mahindi la mji huohuo anakoishi Verna, lililolipuka mwaka sabini na saba. Vumbi la mahindi likijaa hewani, cheche moja inatosha. Walikufa watu watano, na mmoja wao alikuwa Delbert, kaka yake Verna. Ripoti ya kampuni ilisema Delbert aliwasha sigara. Delbert hakuvuta sigara maisha yake yote.

Mchapaji, mzee Orrin Tveit, alichapa nakala arobaini, zikagawiwa mazishini. Ubeti wa tatu ulisema kwamba Delbert na wenzake walimwonya nyapara siku tatu kabla, na nyapara akawajibu nini. Asubuhi yake wakili wa kampuni akagonga gereji ya Tveit. Tveit akaung'oa ubeti ule, akazisogeza herufi zilizobaki, akachapa nakala mia mbili nyingine. Hizo za pili utazikuta popote, safi kabisa, kwa sababu hakuna aliyetaka kuzitundika. Za kwanza niliona moja tu maishani. Verna alinipa kwa shingo upande baada ya kumwahidi kwamba itawekwa mahali ambapo watu wataisoma.

Alhamisi iliyopita nilimchukua tukaione. Maonyesho yangefunguliwa Jumamosi, na shairi la ghala lilitundikwa mlangoni, ndani ya fremu ya kioo. Verna ana miaka themanini na moja. Akavaa miwani, akasogea, akasoma mpaka mwisho.

"Rusk," akaniita. "Hii siyo."

Nikaangalia. Nyeupe kama shati la harusi, haina tundu hata moja, beti nne badala ya tano.

Mtunza nyaraka ni binti mmoja mpole, Paige Lindqvist. Akaja akitabasamu.

"Imependeza, eh, Bwana Rusk?"

"Ile nyingine iko wapi?"

"Ipi?"

"Chafu. Yenye mafuta."

"Aa, ile! Zilikuwa mbili za shairi moja. Utaratibu wetu ni kubakiza moja, iliyo katika hali nzuri zaidi. Rafu hazitoshi."

"Na inayotolewa inakwenda wapi?"

Akalitazama kapeti. "Hukusanywa pamoja na karatasi nyingine. Zinasagwa."

"Binti, niliibania barua! Niliandika kwa herufi kubwa, hii si sawa na ile, hesabu beti!"

"Vibanio vya chuma tunaviondoa kwanza kabisa. Vinaleta kutu. Barua zote zinakwenda kwenye faili la barua."

Mkaona mambo hayo? Kibanio kweli huleta kutu. Rafu kweli hazitoshi. Hakuna alilofanya ambalo hakufundishwa, na ndiyo maana nilitaka kukipasua kile kioo kwa kichwa changu.

"Hukuhesabu," nikamwambia. "Umesomea hata jinsi ya kushika karatasi, na hukuhesabu mpaka tano!"

"Nilisoma jina la shairi na mshororo wa kwanza. Vilikuwa sawa. Samahani sana, Bibi Stuhr. Tunaweza kuurudisha ubeti kwa maandishi, pembeni. Unaukumbuka?"

"Nimekaanga mayai chini yake miaka arobaini," Verna akasema. "Andika."

Akafumba macho.

"Jumanne walimwambia, vumbi litakuja waka,
Delbert alitangulia, mkubwa akamcheka,
Vasek akaja na Tully, wote wakafanywa taka..."

Akarudia mshororo wa tatu. Akaurudia tena, polepole, akipiga vidole mezani.

"Wa nne ndio wenye jibu la nyapara," akasema. "Rusk, malizia."

Nami sikuwa nao. Nimeusoma mara mia, na sikuunakili popote, kwa sababu karatasi si ninayo? Huo ndio ujinga wangu wa pili. Wakili alifuata mshororo huo mmoja, akafa bila kuufuta kabisa. Sisi watatu tukamfutia.

"Naweza kuandika kwamba umehifadhiwa kwa kumbukumbu ya dada wa marehemu," Paige akasema.

"Dada mtu! Dada mtu atasema nini zaidi ya kwamba kaka yake ni mwema? Nilikuwa na karatasi iliyochapwa, mama. Na tarehe chini." Akanyoosha kidole kwenye fremu. "Kishushe hicho. Hicho ni cha wakili."

"Bibi, mwaliko umeshatumwa, na picha yake ndiyo iko..."

"Basi Jumamosi nitakaa na kiti hapa mlangoni, na kila anayeingia nitamwambia kilichosagwa. Nina pumzi bado. Rusk, niletee kiti!"

Paige akaishusha mwenyewe. Misumari ikabaki.

Sasa sina safari. Gari nimeliegesha uani kwa Verna, na kila asubuhi nashika mtaa mmoja, nyumba hadi nyumba, nikiulizia nakala nyingine thelathini na tisa. Naomba watu wafungue migongo ya fremu za picha, waangalie ndani ya Biblia, chini ya droo. Wengine wananipa kahawa, wengine wanadhani nauza bima. Jana bwana mmoja wa Mtaa wa Tano alisema ndiyo, mama yake alikuwa nayo, ile yenye majina.

"Iko wapi?" nikamuuliza.

"Alizikwa nayo. Aliipenda."

Nikamuuliza amezikwa makaburi gani. Akanifungia mlango, nami nikabaki barazani nikiugonga kwa ngumi.