Saa Mbili ya Mama

Bosi alitaka programu ya kuwakumbusha wagonjwa dawa itoke jioni ile ile. Simu ya kwanza kuipokea ingekuwa ya mama mkwe wangu, ambaye mwezi uliopita alisahau vidonge vya presha akaanguka jikoni. Nilikuwa nimeapa: haitoki mpaka niridhike.

Wapimaji wa programu ofisini tuko wawili, mimi na shemeji, mdogo wa mume wangu. Yeye husoma msimbo, yaani maandishi ya ndani ya programu, mstari kwa mstari, kama mtu anayepasua tikiti kabla ya kulinunua. Mimi msimbo siutazami kabisa. Naligonga tikiti kwa nje, nasikiliza.

"Shemeji, acha kugongagonga," alinitania. "Nimepita kila mstari. Hakuna kosa."

Nikashika simu, nikajifanya Mama. Dawa: saa 2 asubuhi. Nikasogeza saa ya simu hadi wakati wa chai. Kimya. Nikairudisha nyuma kidogo kidogo. Ikalia saa nane usiku!

"Kwa hiyo Mama ameze dawa usingizini?" nikafoka.

Shemeji akaupitia msimbo tena. Mistari yake yote ilikuwa imetii. "2 asubuhi" ilihesabiwa kuanzia usiku wa manane, kama kompyuta inavyohesabu. Mstari wa kuielewa saa tunavyoitaja sisi haukuwapo, na kisichoandikwa hakisomeki.

Akauandika. Nikagonga upya, saa zote. Safi. Nikainuka kumwita bosi.

"Ngoja kwanza," akasema shemeji, sasa yeye ndiye mbishi. "Humu ndani kuna njia hujaigusa. Kengele ikilia, ukibonyeza kitufe cha 'baadaye' mara tatu, inajifuta kimyakimya."

Mimi nisingebonyeza mara tatu asilani. Lakini Mama na neno "baadaye" ni chanda na pete.

Bosi akaja mbio. "Jamani, mnanichelewesha!"

"Leo haitoki," tukasema kwa pamoja.

Ilitoka wiki iliyofuata. Saa mbili asubuhi, simu ya Mama ikalia mezani kando ya chai. Akabonyeza "baadaye". Ikalia tena. Baadaye. Baadaye. Ikalia tu.

"Nani yumo humu ndani, mwenye kichwa kigumu hivi?"

"Mwanao," nikamjibu.

"Na wewe hapo nje, unanikodolea macho ya nini?"

Nikamsogezea maji. Akasonya, akameza.