Waliomwita Mama

Dobi alikuwa akipiga pasi kola ya shati la mteja pale mwanamume mwenye ndevu, asiyemjua hata kwa sura, alipoingia bila hodi na kusema kwa sauti ya mwanawe, "Shikamoo mama. Leo nguo nyingi, eh?"

"Marahaba. Nawa mikono kwanza."

Mwanawe alikuwa amekufa tangu msimu wa mvua. Mgeni alinawa, akaketi, akaanza kukunja mashati kwa kutanguliza mkono wa kushoto, kosa ambalo marehemu hakuacha kulifanya hata alipogombezwa. Dobi alimtazama vidole, kisha akamtilia chai yenye sukari nyingi.

Baada yake wakaja wengine wenye sauti ile ile, mmoja mmoja, wote mateja wa unga wa nyuma ya gereji. Kule gerejini bomba la sindano ni moja kwa wote, na aliyekosa hela ya kete ya unga huchomwa damu ya mwenzake aliyekwisha kujidunga, ili naye arosti, yale maumivu ya kukosa unga, impungue kidogo. Mwanawe hakumnyima mtu damu yake, na wao hawakunyimana. Tangu utotoni alikuwa mwepesi wa kutoa, na mama yake alijisifia malezi hayo kwa majirani. Sasa yanamuuma.

Nesi wa zahanati aliwapima wote. Kila mwenye sauti ile alikutwa na virusi vya ukimwi. Walianza dawa, wakanenepa kidogo, na ile sauti ikashuka ikawa mnong'ono, ila haikutoka. Nesi hakuona ajabu.

"Ukimsikia mpya, niletee siku hiyo hiyo," alimwambia dobi. "Kesho yake hawaonekani tena hawa. Wewe unawahi kuliko kipimo."

Zahanati ilikuwa imekatazwa kugawa mabomba, kwa hiyo dobi akaenda duka la dawa kununua mapya awapelekee gerejini.

"Ya mateja hayo," alisema muuza dawa. "Siuzi, mama yangu. Watu watasema nawalea."

"Nikiondoka mikono mitupu wagonjwa wataongezeka."

"Si waache tu huo unga? Kwani wamefungwa kamba?"

Foleni nzima ikacheka. Alirudi wiki iliyofuata, na nyingine tena, akajibiwa vile vile, ila kicheko kilipungua kwa kuwa walishamzoea.

Kuna jambo hakumwambia nesi. Kadiri wale wa zamani walivyomeza dawa bila kukosa, ndivyo alivyolazimika kuzima redio na kusogeza kiti ili amsikie mwanawe. Alifurahi kwamba wanapona mwili. Alilia pia, akiwa peke yake na pasi yake.

Jioni moja mlango ukasukumwa. Akaingia msichana mwembamba, mgeni kabisa, mkono mmoja ameukunja kiwikoni.

"Mama," alisema. Sauti ilikuwa nzito na nzima, kama ya mwanawe kabla ya ugonjwa. "Nimechelewa. Umeninunia?"

Dobi akasimamisha pasi. Nje kulikuwa bado na mwanga. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya barabara, na kutoka dirishani alimwona nesi akikusanya mabenchi. Alijua kabisa la kufanya. Akaushika mkono wa msichana, nao ulikuwa wa moto.

"Sijanuna," alisema. "Kaa hapa. Nisimulie chochote."

Msichana akakaa, akasimulia. Walikuwa bado wanaongea nesi alipofunga mlango wa zahanati na kwenda zake.