Glavu za Celina

Glavu za mpira zilikuwa nyekundu, na zilikuwa za Celina.

Igoki alizitazama akiwa kwenye karo, mikono yake imezama hadi viwiko katika maji ya makopo ya makohozi. Wagonjwa wa kifua waliishi miaka na miaka katika nyumba hii ya wagonjwa, mlimani juu ya kijiji cha Kiirua, na makopo yao yalipaswa kung'aa kila asubuhi. Waoshaji walikuwa wanawake wawili. Glavu zilikuwa jozi moja. Serikali ya mkoloni iliyokuwa na waya wa miba wa kuzungushia kila kijiji ilikuwa imeishiwa na mpira.

"Dresa, tugawane basi," alimwambia Mithika, mfunga vidonda aliyewasimamia. "Leo mimi, kesho yeye."

"Bwana yako ako wapi, mama Kaari?"

"Si unajua. Manyani, kizuizini."

"Na bwana ya Celina?"

"Homgadi, mlinzi wa serikali."

"Sasa unauliza nini?"

Ajabu ni kwamba Celina hakuosha nazo. "Zitachubuka," alisema. Alizining'iniza kiunoni, akazivaa pale Bwana DO, afisa wa wilaya, alipokuja kukagua. Jioni alipita nazo sokoni, vidole amevitanua kama askofu anayebariki mbuzi. Igoki alimwomba Mungu, kwa heshima zote, amkohoze huyo mwanamke kidogo.

Maombi ya namna hii hujibiwa upesi. Mvua zilipoanza, Celina alikuwa amelazwa karibu na dirisha, anatema katika kopo lake mwenyewe.

"Na glavu?" Igoki aliuliza.

Mithika alizifungia kabatini. "Hizo ni za ukaguzi."

Igoki akaosha kopo la Celina kwa mikono mitupu. Lakini sasa hakuzitamani glavu tena. Alitamani kitanda. Blanketi zito, yai, na maziwa, kikombe kizima kila siku! Ng'ombe wake mwenyewe alichukuliwa kuwa faini ya kijiji, na amri ya kutotoka nje iliwazuia wanakijiji kwenda shambani. Kaari, bintiye, alikuwa amekonda akabaki macho tu. Igoki akaanza kuonea wivu hata kile kikohozi.

"Unadeka wewe, bibi ya Riungu," alimwambia Celina.

Celina alitabasamu kwa shida. Kikombe chake cha maziwa kilikuwa nusu, na ukingo wake una alama ya midomo. "Kaari anakunywa nini siku hizi?"

"Maji."

"Mimi nimeshiba. Mpelekee."

Mabaki ya mgonjwa yalimwagwa shimoni, yasimwambukize mtu. Mithika aliwaimbia jambo hilo kila siku. Igoki alilitazama shimo. Akafuta ukingo kwa aproni yake na kumimina maziwa katika chupa.

Kwenye lango la kijiji, Riungu alimpapasa mabega, mbavu, pindo la nguo, akitafuta risasi. "Mke wangu anaendeleaje?"

"Anakunywa maziwa."

Riungu akaizibua chupa, akainusa kwa makini ya kazi, akaitikisa kwenye mwanga.

"Maziwa tu," alisema, akamfungulia lango. "Pita, mtoto anangoja."